Rupia, Mavi ya Chuma na Mlio wa Mashine: Historia ya Kutafuta Metali katika Ardhi ya Hanang

Gendabi ni kata iliyo chini ya Mlima Hanang, katika nchi ambayo wakati wa ukoloni ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mbulu na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara, na ardhi ya upande huo, kama ilivyo ardhi ya nyanda zote zilizo kati ya Mbulu na Singida, imepokea metali za zama nyingi: chuma cha wahunzi wa Kidatoga, bangili za shaba za wanawake wa kifugaji, rupia zilizolipiwa kodi kwa Mjerumani, na mabaki ya plau za matrekta yaliyolima ngano katika miaka ya 1970 na 1980. Kila zama iliacha kitu kwa sababu yake, na sababu hizo ndizo historia. Hata hivyo, katika mikoa ya kaskazini na kati ya Tanzania, kigunduzi cha metali, yaani chombo cha umeme kinachotoa mlio kinapopitishwa juu ya metali iliyofukiwa, kimehusishwa zaidi na tamaa moja tu, ambayo ni kuipata hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia mwaka 1916. Makala haya yanafuata njia mbili zinazokutana katika udongo mmoja, ya kwanza ikiwa historia ya chombo chenyewe, hasa mashine za zamani ambazo bado zinauzwa na kununuliwa kwa bei nafuu, na ya pili ikiwa historia ya metali za nchi ya Hanang, ili ionekane kwamba chombo hicho kimetumwa kutafuta kitu ambacho kumbukumbu za fedha za Mjerumani zenyewe zinakikanusha.

Kanuni inayokiendesha kigunduzi cha metali ni ya karne ya 19. Mwaka 1879 David Hughes, mwanasayansi aliyefanya kazi zake London, alionyesha kwamba koili mbili, yaani nyaya zilizosokotwa mviringo, zikiwekwa katika hali ya kulingana kwa nguvu ya sumaku, kipande cha metali kinachosogezwa karibu huvuruga ulinganifu huo na kusababisha sauti katika kisikilizio cha simu. Miaka miwili baadaye Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akatengeneza chombo cha namna hiyo ili kuitafuta risasi iliyobaki mwilini. Jaribio lilishindikana, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda chenye springi za chuma. Tukio hilo lina uzito kwa historia yote iliyofuata, kwa maana lilidhihirisha udhaifu ambao haujaisha hadi leo: chombo hiki hakijui kinachotafutwa, bali kinajua tu kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme au kinachovutwa na sumaku mahali fulani chini yake.

Mashine ya kwanza ya kubebwa iliyouzwa kwa wananchi ilitoka Marekani katika miaka ya 1930, mikononi mwa Gerhard Fischer, mhandisi aliyehamia huko kutoka Ujerumani, ambaye alikuwa akishughulikia vifaa vya redio vya kuongozea safari na akatambua kwamba vilikosea mwelekeo vilipokaribia miamba yenye madini. Hataza ya uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1937. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyokifanya chombo hiki kuwa cha maelfu, kwani luteni wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini akiwa Uskoti, na mashine zipatazo 500 za aina hiyo zilitumiwa na jeshi la Uingereza huko El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha, mashine za kijeshi zilizozidi mahitaji ziliuzwa kwa raia, na raia hao, hasa Marekani na baadaye Uingereza, wakaanza kuzipitisha juu ya mashamba, fukwe na magofu. Viwanda vya kiraia vikafuata: White's ilianza Oregon mwaka 1950, na Garrett ikaanza Texas mwaka 1964.

Mnunuzi wa leo anayeletewa mashine ya zamani hana budi kujua ni ya kizazi kipi, kwa kuwa kila kizazi kina tabia yake. Mashine za kijeshi na zile za kiraia za kabla ya miaka ya 1960 zilitumia vali, yaani taa za kioo zilizofanya kazi ya kukuza mawimbi kabla ya transista kuenea, na vali zilihitaji betri za volti nyingi ambazo hazipatikani tena madukani. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo, hata ikiwa nzima, inafaa zaidi kuhifadhiwa katika makumbusho kuliko kupelekwa porini. Zilizofuata zilitumia transista na mfumo wa mapigo ya masafa, ambamo mitambo miwili midogo ya mawimbi hulinganishwa, mmoja ukiwa ndani ya kisanduku na mwingine ukitegemea koili iliyo chini, na metali inapokaribia, masafa ya koili hubadilika na sikio husikia tofauti kati ya mawimbi hayo mawili. Ni mfumo rahisi kutengeneza, na hata fundi redio wa mjini anaweza kuufufua, lakini hupenya kina kidogo na hubabaishwa na joto la jua pamoja na udongo wenyewe.

Katika miaka ya 1970 ukaja mfumo wa masafa ya chini sana, ambamo koili moja hutuma mawimbi na nyingine huyapokea. Mfumo huo ulimwezesha mtumiaji kufanya mambo mawili mapya: kusawazisha ardhi, yaani kuiambia mashine ipuuze mlio unaotokana na udongo wenyewe, na kuchuja metali, yaani kunyamazisha misumari na vizibo vya chupa ili isikike sarafu. Sambamba na huo ulikuwepo mfumo wa mapigo, ulioendelezwa Uingereza kuanzia miaka ya 1960, ambao hupiga ardhi kwa mipigo mifupi ya sumaku na kusikiliza jinsi mwangwi unavyofifia, kwa kuwa metali huchelewa kunyamaza kuliko udongo. Mfumo huu wa mwisho haukuweza kuchuja vizuri, lakini ulistahimili ardhi mbaya. Kampuni ya Minelab ya Australia, iliyoanzishwa Adelaide mwaka 1985, iliuendeleza kwa ajili ya watafutaji wa dhahabu na kutoa mwaka 1995 mashine ya SD2000, ambayo warithi wake ndio walioenea Afrika wakati wa mbio za dhahabu za Sudan mwishoni mwa miaka ya 2000 na kuwafikia wachimbaji wadogo wa Tanzania, wakiwemo wale wa Chunya, ambako dhahabu ya mchangani ya mto Lupa imekuwa ikitafutwa tangu miaka ya 1920.

Hapo ndipo ardhi ya Hanang inapoingia katika hoja. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni volkano, na udongo unaotokana na miamba ya volkano huwa na chembe nyingi nyeusi za oksidi ya chuma zinazonaswa na sumaku. Chembe hizo zinaitikia mawimbi ya mashine kama metali inavyoitikia, ingawa kwa namna yake, na kwa hiyo mashine ya mapigo ya masafa ya miaka ya 1960 ikipitishwa juu ya udongo huo hulia mfululizo, au ikirekebishwa isilie, hupoteza karibu uwezo wake wote wa kusikia. Mashine ya masafa ya chini yenye kusawazisha ardhi huvumilia zaidi, ila kila mtumiaji anapovuka kutoka udongo mweusi kwenda kwenye changarawe ya mlimani, hulazimika kuisawazisha upya. Ugumu wa pili uko bondeni, ambako Ziwa Balangida, ziwa la magadi lililo karibu na mlima, huacha kingo zenye chumvi. Na chumvi yenye unyevu hupitisha umeme, hivyo huzidanganya hata mashine zinazostahimili udongo wa volkano. Mtu anayenunua kigunduzi cha zamani mjini Arusha au Dar es Salaam kwa kukijaribu juu ya meza ya duka, sarafu ikipitishwa hewani mbele ya koili, anajaribu kitu ambacho hakitamfaa. Jaribio la haki ni lile la sarafu iliyofukiwa kina cha kiganja katika udongo wa mahali mashine itakapofanyia kazi.

Kwa upande wa ununuzi, mambo machache yanatosha. Betri zilizovujia ndani ya kisanduku huacha kutu ya kijani inayokula nyaya. Waya unaounganisha koili na kisanduku hukatika ndani bila kuonekana nje, na dalili yake ni mlio unaokuja na kuondoka mkono unapousogeza. Koili yenye ufa huingiza maji. Na vikusanya-chaji vya zamani hukauka, hata mashine ikawaka vizuri na kuanza kubadilika sauti baada ya nusu saa. Kampuni ya White's ilifunga mwaka 2020, kwa hiyo vipuri vyake havitengenezwi tena kiwandani. Kwa mashine mpya zaidi za dhahabu, hatari iko kwingine, kwa kuwa nakala za bandia zimeenea sana katika biashara inayopitia Ghuba hadi Afrika. Katika jambo hili mashine ya zamani ina heshima yake: hakuna aliyeona faida ya kuighushi.

Sasa inafaa kuiangalia hazina yenyewe. Uchumi wa sarafu uliingia nchi ya Mbulu na Hanang kwa njia ya kodi, si kwa njia ya soko peke yake, kwani tangu mwaka 1898 serikali ya Mjerumani ilidai kodi ya nyumba, ambayo kwa nyumba ya kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na mfugaji aliyezoea kuhesabu mali yake kwa ng'ombe akalazimika kuuza mnyama ili apate fedha. Rupia hiyo ilikuwa sarafu ya fedha ya takriban gramu 11.7, iliyotolewa kwanza na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki mwaka 1890, ikigawanywa katika pesa 64, mpaka serikali ya kifalme ilipoichukua kazi hiyo na kuigawa rupia upya katika heller 100 mwaka 1904. Sarafu ndogo za shaba, na zile zenye tundu katikati za heller 5 na 10, ndizo zilizozunguka zaidi mikononi mwa watu wa kawaida, na ndizo ambazo mtu angetarajia kuzipata zimeanguka njiani, katika malango ya masoko na pembeni mwa boma.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, koloni lilizingirwa baharini na manowari za Uingereza, na meli za kuleta sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Upungufu wa fedha ukawa mkubwa kiasi kwamba serikali ilichapisha noti za muda ndani ya koloni kuanzia mwaka 1915, nyingine kwenye karatasi duni sana, na mwaka 1916 ikafungua karakana ya kutengeneza sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ambako ziligongwa heller 5 na heller 20 za shaba, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, mgodi wa Iramba ulio katika nchi ya Singida, yaani jirani kabisa na Hanang kwa upande wa magharibi. Sarafu za dhahabu zilizogongwa zilizidi 16,000 kidogo tu, kabla Tabora haijachukuliwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916.

Kumbukumbu hizi zinajibu swali la hazina kwa nguvu kuliko mashine yoyote. Serikali iliyokuwa ikiyeyusha shaba ili ipate heller, na iliyowalipa askari na wapagazi kwa karatasi, haikuwa na masanduku ya sarafu ya kufukia chini ya kila mwembe wa boma. Mwenendo wa vita katika upande huu wa nchi unaonyesha hivyo hivyo. Mwanzoni mwa Aprili 1916 kikosi cha Kijerumani kilichokuwa kwenye kilima cha Lolkisale kilijisalimisha kwa askari wa farasi wa Jenerali van Deventer wa upande wa Waingereza, ambao walisonga mbele haraka kupitia Ufiome, jirani na Babati ya leo, na kuingia Kondoa-Irangi kabla mwezi huo haujaisha. Waliokuwa wakirudi nyuma walirudi kuelekea reli ya kati, mahali ambapo fedha ilihitajika kununulia chakula cha jeshi, na afisa mwenye akili ya kawaida alikuwa na kila sababu ya kuibeba na hakuwa na sababu ya kuiacha.

Masimulizi ya hazina, hata hivyo, hayakutoka hewani. Kwanza, watu binafsi kweli walificha akiba zao, kwa maana benki haikuwepo vijijini na chungu kilichofukiwa ndani ya nyumba kilikuwa njia ya kuweka akiba iliyojulikana. Pili, Mwingereza alipoiondoa rupia katika mzunguko, na shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutolewa mwaka 1921, sarafu zilizokuwa zimefichwa zilipoteza kazi yake ya fedha, zikabaki kuwa metali au kumbukumbu. Tatu, na hili ndilo lenye uchungu, wenyeji waliona utawala uliochukua ng'ombe, kodi na kazi ya shuruti kwa miaka mingi kisha ukatoweka ndani ya miezi michache, na ni jambo la haki kabisa kuuliza mali hiyo yote ilikwenda wapi. Jibu la kihistoria ni kwamba ilikwenda katika reli, katika mashamba ya walowezi, katika mishahara na katika vita. Masimulizi yanasema iko chini ya ardhi, na kwa kusema hivyo yanawapa watu tumaini la kuirudisha.

Kama hazina ya Mjerumani si jibu, basi mashine inalia juu ya nini? Sehemu kubwa ya jibu iko kwa wahunzi. Miongoni mwa Wadatoga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni tawi lao kubwa, uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga, watu ambao kwa desturi hawaoani na Wadatoga wengine na ambao wamewapatia majirani zao, wakiwemo Wairaqw wanaolima na Wahadzabe wanaowinda upande wa Ziwa Eyasi, mikuki, visu, vichwa vya mishale na bangili. Chuma cha zamani kilitoka katika tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma, na upande wa kusini, katika vilima vya Irangi huko Kondoa, mavi ya chuma, yaani makapi mazito yanayobaki baada ya kuyeyusha, bado yanaonekana juu ya ardhi na huitikia mashine kama metali halisi. Chuma cha viwandani kilipofika kwa njia ya biashara na ya kikoloni, tanuri zilizimwa, lakini uhunzi haukufa, kwa sababu mhunzi aligeukia vyuma chakavu. Hadi leo wahunzi wa Eyasi huyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya shaba na kuyageuza bangili.

Jambo hili lina matokeo ambayo watafutaji hawayazingatii. Katika uchumi ambao chuma ni adimu, jembe lililochakaa halitupwi. Hurudishwa kwa mhunzi likawa kisu, kisu kikichakaa kikawa kichwa cha mshale. Rupia za fedha nazo, zilipokosa thamani ya sokoni, zilifaa kuyeyushwa zikawa mapambo. Kwa hiyo ardhi ya nchi ya wafugaji inatarajiwa kuwa na metali chache za kale, na zile zilizobaki ziko hasa mahali watu walipokusudia zibaki, yaani karibu na marehemu. Wadatoga humjengea mzee mwenye heshima kaburi la kichuguu katika mazishi ya hadhara yaitwayo bung'eda, yanayochukua miezi kadhaa na kukusanya koo nyingi, na mahali hapo huwa pa heshima kwa vizazi vinavyofuata. Mradi wa ngano uliosaidiwa na Kanada, ulioendeshwa na shirika la umma la NAFCO katika nyanda za Basotu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulichukua ardhi inayokaribia ekari 100,000, na malalamiko mazito ya Wabarbaig dhidi yake, mbali na kupotea kwa malisho, yalikuwa kwamba matrekta yalilima juu ya makaburi ya wazee wao. Mtu anayechimba kichuguu kwa sababu mashine imelia juu yake anarudia kosa hilohilo kwa jembe la mkono, na hakuna thamani ya bangili inayoweza kulihalalisha.

Tarehe 3 Desemba 2023 ardhi ya Gendabi yenyewe ilihama. Mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi ikiwemo, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kwa mtazamo wa utafiti, tope hilo limevunja mpangilio wa tabaka katika maeneo liliyopita, na mabati, masufuria na majembe ya familia zilizoangamia sasa yamelala pamoja na vitu vya kale zaidi vilivyosombwa kutoka juu. Mlio wa mashine hapo unaweza kuwa wa nyumba ya mtu aliyekufa juzi. Adabu inataka maeneo hayo yaachwe kwa wenyewe.

Tofauti kati ya kuchimba na kutafiti inaonekana vizuri katika mfano mmoja wa pwani. Mwaka 1984 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, na kwa kuwa zilitolewa katika tabaka lake, zikiwa pamoja na vigae na mabaki yaliyozizunguka, ziliweza kueleza majina ya watawala wa mahali hapo na biashara ya karne ya 11, jambo ambalo sarafu hizo hizo zikiuzwa moja moja sokoni zisingelieleza kamwe. Udhaifu wa mashine, nao, unaonekana mkoani Morogoro, ambako shirika la APOPO lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000 limewafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na faida yao kuu juu ya mashine ni kwamba hawasimami kwa ajili ya msumari au kopo: wanatafuta kitu chenyewe, si metali yoyote.

Sheria ya Tanzania inaiangalia ardhi kwa namna mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 na kurekebishwa mwaka 1979, inakilinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvichimba vitu hivyo bila leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inamtaka anayetafuta dhahabu awe na leseni, hata akiwa mchimbaji mdogo. Sarafu ya Mjerumani, ambayo haikuwepo kabla ya mwaka 1890, inaangukia upande wa pili wa mstari huo wa 1863, ilhali kichwa cha mkuki cha mhunzi wa Kidatoga, bangili ya bibi aliyezikwa zamani, na mavi ya chuma ya Irangi vinaweza kabisa kuangukia upande unaolindwa. Mwenye mashine ya zamani hawezi kujua kwa mlio ni kipi kati ya hivyo kiko chini ya koili yake, kwa kuwa mashine hiyo haikutengenezwa kupima umri, na atakayejua ni yule atakayekikuta kikiwa bado mahali pake.